Hom thieta inayojua pia kupiga muziki: kabla hujatoa hela, soma hapa

Kinanda wa Tanga

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu nimeukawiza sana. Huko PM (meseji za faragha) kila mara inaingia meseji ya aina moja: "Mkuu, nataka mtambo wa sinema na mpira, lakini mimi ni mtu wa muziki. Nichukue upi?" Najibu mmoja mmoja hadi nachoka, kwa hiyo leo naweka yote hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa. Kama muziki uko moyoni, anza na chaneli mbili. Spika mbili nzuri za mbele na amplifaya inayoziweza. Spika ya katikati, za nyuma na sabufa zina zamu yao. Sinema itapigwa vizuri na spika mbili nzuri, ila muziki hautapigwa vizuri na spika saba mbovu hata ufanyeje.

Jaribu hivi. Weka rumba ya zamani ya Kongo, ile yenye magitaa matatu: rizimu, mi-solo na solo. Kwenye mtambo wa stereo uliopangwa vizuri unaweza kufumba macho ukamnyooshea kidole kila mpigaji pale alipo. Halafu nenda kwa jirani mwenye hom thieta ya boksi moja, ile yenye spika tano za ukubwa wa kikombe cha chai na sabufa ya plastiki. Magitaa matatu yamekuwa gitaa moja nene. Na sauti ya mwimbaji wa kiume, ambayo sehemu yake nzito iko kati ya Hz 85 na 180 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), vile vikombe haviiwezi. Inatupwa kwenye sabufa. Unamsikia mtu anaimba huku kifua chake kiko kwenye kona, nyuma ya kochi.

Sasa wati, maana hapa ndipo tunapopotezwa zaidi. Tumekua na maboksi ya PMPO, zile wati za kilele za kwenye matangazo: wati 8,000, wati 12,000. Geuza kile chombo, soma kibandiko cha nyuma kinachoeleza kinakula umeme kiasi gani. Kimeandikwa wati 80. Kifaa kinachovuta wati 80 ukutani kitatoa wapi 12,000? Wamarekani waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka sheria ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya, na mwaka 2024 wakaikaza upya: ipimwe kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), kuanzia Hz 20 hadi 20,000, na upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia 1. Kwa hiyo ukiona tangazo linasema "wati 165" bila kueleza omu ngapi, Hz ngapi na chaneli ngapi zilikuwa zinapiga kwa pamoja, pita. Hata risiva za heshima (amplifaya za sinema zenye chaneli nyingi) zinazoandika wati 100 kwa chaneli, mara nyingi zimepimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi. Zikipiga saba kwa wakati mmoja, zote zinanyonya transfoma moja na kila moja inapata pungufu.

Na kuna habari njema ambayo muuzaji hakuambii: huhitaji wati nyingi kihivyo. Ukizidisha wati mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, ambayo ni sauti kupanda kidogo. Ili sikio lisikie kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo kati ya amplifaya ya wati 100 na ya 120 tofauti haifiki hata desibeli 1. Spika yenye uwezo wa desibeli 87 kwa wati moja, ukikaa mita tatu kwenye sebule ya kawaida, wati moja au mbili tu zinatosha kukufanya upandishe sauti yako kidogo ukitaka kuongea na mwenzio. Wati zilizobaki ni akiba ya ngoma inapopigwa ghafla na gari linapolipuka kwenye sinema. Akiba hiyo ni muhimu, lakini 50 hadi 80 za kweli kwa chaneli zinawatosha wengi wetu.

Kwa hiyo ukiwa dukani uliza mambo mengine. Spika zangu ni omu ngapi, na hii amplifaya ina kipimo cha omu 4 au imeandika 8 peke yake? Spika ya omu 4 inavuta mkondo mkubwa zaidi, amplifaya dhaifu itachemka na kujizima. Halafu inyanyue. Sitanii. Amplifaya ya darasa AB (muundo wa kawaida wa zamani) yenye transfoma ya maana huwa nzito, utaijua mgongoni. (Za darasa D ni nyepesi na zipo nzuri tu, kwa hizo mzani hausaidii.)

Njia ziko tatu.

Ya kwanza ndiyo ninayoipenda kwa mtu anayeanza: amplifaya ya stereo yenye HDMI ARC, yaani tundu la HDMI linalopokea sauti kutoka kwenye TV. Denon DRA-800H, Marantz Stereo 70s, na juu zaidi kidogo Marantz Model 40n. TV inaunganishwa kwa waya mmoja wa HDMI, rimoti ya TV inapandisha na kushusha sauti, na sabufa ina tundu lake. Muziki unapata amplifaya yake halisi. Unachokosa ni spika ya katikati na za nyuma.

Ya pili ni risiva ya AV (sisemi king'amuzi, nasema ile amplifaya ya sinema yenye chaneli tano, saba au tisa). Ukienda njia hii tafuta yenye matundu yaliyoandikwa PRE OUT (yanatoa sauti ambayo bado haijakuzwa, iende kwenye amplifaya nyingine), angalau ya mbele kushoto na kulia. Hata kama leo hujui ya nini, hayo ndiyo mlango wako wa kesho.

Ya tatu ndiyo niliyo nayo mimi: risiva ya AV pamoja na amplifaya ya stereo. PRE OUT za mbele kwenye risiva zinaingia kwenye amplifaya kupitia tundu lililoandikwa HT BYPASS, wengine wanaandika MAIN IN. Nikitazama sinema, risiva inaongoza sauti na amplifaya inasukuma spika mbili za mbele. Nikisikiliza muziki, risiva nimeizima kabisa. Uzuri mwingine ni huu: kinachozeeka haraka kwenye risiva ni upande wa video. HDMI inabadilika, 4K ilikuja na HDCP 2.2, kufuli la kuzuia kunakili, na risiva za kabla ya hapo zikabaki nyuma. Amplifaya ya stereo haina cha kubadilika. Ukibadilisha risiva baada ya miaka saba, ile ya stereo inabaki palepale.

Onyo moja kwa wanaofuata njia hii. HT BYPASS haina kidhibiti cha sauti. Usichomeke simu wala redio hapo, itapiga kwa nguvu zote na spika zitakufa mbele ya macho yako.

Na la mwisho, linaniuma mpaka leo. Mwaka fulani nilinunua amplifaya ya mtumba kutoka Japani, imetunzwa, vifundo vya alumini vinateleza kama vimepakwa mafuta. Nilikuwa na haraka ya kuisikia. Sikugeuza kusoma nyuma. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Nilibonyeza, ikatoa mlio mmoja mfupi kama kijiti kinavunjika, kisha harufu. Fundi aliniambia transfoma imekwenda, na transfoma yake haikupatikana. Vitu vya Marekani ni volti 120, hivyo hivyo. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Kama ni cha huko, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko kile kifaa kinachokula.

Karibuni.

Bwana Likoni

Nakusalimu ndugu yangu kutoka Mombasa. Mengi umesema kweli, ila hapo pa risiva ya AV umeionea.

Sebule zetu zikoje? Sakafu vigae, ukuta plasta, dari jipsamu, madirisha vioo. Piga kofi uone. Chumba cha mita 5 kwa 4 kina milio yake miwili ya besi, karibu na Hz 34 na Hz 43, na noti ikiangukia hapo inavuma peke yake kama mtungi. Amplifaya ya stereo ya bei ghali itapiga huo uvumi kwa usafi mkubwa, basi. Risiva yangu ina Audyssey, mfumo wa kurekebisha sauti kulingana na chumba: naweka maikrofoni yake sehemu sita kwenye makochi, inapima, inapunguza pale panapovuma. Tangu hapo gitaa la besi linasikika noti kwa noti. Hilo lilinisaidia zaidi ya amplifaya yoyote niliyowahi kubadilisha.

Halafu, jarida la Stereo Review la Marekani mwaka 1987 liliwasikilizisha watu amplifaya za bei tofauti bila wao kujua ipi inapiga. Hawakuweza kuzitofautisha kwa uhakika. Ikiwa haijalemewa, amplifaya ni amplifaya.

Kinanda wa Tanga

Bwana Likoni, kwenye besi umenishinda na nakubali wazi. Chini ya Hz 200 au 300 chumba ndicho kinachotawala, na kipimo cha maikrofoni kinasaidia kweli. Anayechukua njia yako ahakikishe tu anapima wakati nyumba imetulia, pangaboi limezimwa.

Ile habari ya 1987 naifahamu, na kama maneno yako mwenyewe yanavyosema, "ikiwa haijalemewa". Ugomvi wangu uko hapo. Kwa bei ileile, risiva inagawa hela kwenye amplifaya saba, bodi ya video, redio, leseni za Dolby na DTS (mifumo ya sauti ya sinema). Ya stereo inaziweka zote kwenye amplifaya mbili na transfoma. Mtu mwenye spika ya omu 4 na risiva ya bei ya chini ndiye anayelemewa, naye haelewi kwa nini muziki unakuwa mkali masikioni akiongeza sauti. Mwenye spika rahisi kusukuma na risiva ya daraja la kati, kama wewe, huyo sina neno naye.

Na kabla ya maikrofoni: zulia, mapazia mazito, kabati la vitabu. Sogeza spika sentimita 40 kutoka ukutani. Haya hayana bei.

Fundi wa Msimbazi

Mimi nazifungua hizi kila siku, naomba niongeze yangu.

Zinazoletwa kwangu zikiwa zimekufa, nyingi zimeuawa na joto. Risiva ina matundu ya hewa juu. Mama kaweka kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa chombo cha maua, juu ya maua ya plastiki vumbi. Tena yote iko ndani ya kabati la TV lenye mlango wa kioo. Iacheni wazi, angalau upana wa kiganja juu, na kitambaa kiende kwenye meza.

La pili ni umeme kukatika na kurudi. Unaporudi huwa unaruka juu. Weka kifaa cha kulinda kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kama kile cha friji, au chomoa mwenyewe ukikatika.

La tatu mijusi. Nimetoa mjusi aliyekauka kati ya pini za transista mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Anafuata joto. Kuweka neti laini kwenye matundu ni sawa, usizibe.

Kwa walio pwani, zile ncha za waya wa spika zinaota ukungu wa kijani kwa chumvi. Kila baada ya miezi sita kata inchi moja, chuna upya, kaza.

Na ile swichi ya nyuma iliyoandikwa omu 4 / omu 8 kwenye risiva: mara nyingi ukiiweka 4 inapunguza volti za ndani ili isichemke, na nguvu inapungua nayo. Wateja wanaiweka 4 wakidhani ndiyo inaongeza.

Maskati Kwetu

Kwa mlio na ndugu huku Omani au Dubai: umeme ni wa Hz 50 na volti 230 hadi 240, na plagi ni ileile ya pini tatu nene kama ya Tanzania na Kenya. Kifaa kilichonunuliwa dukani huku kwa matumizi ya huku hakihitaji transfoma. Ila kuna vya Marekani vinavyouzwa huku mitumba pia, kwa hiyo kibandiko kisomwe vilevile.

Binti Uluguru

Kaka Kinanda, shikamoo na asante kwa somo. Niko Morogoro. Sebule yangu ni hiyohiyo ya mita 5 kwa 4. Marehemu baba aliniachia santuri kama sitini, za dansi na taarabu, pamoja na pleya yake inayozunguka vizuri tu. Mume wangu anataka mtambo wa sinema. Hela tuliyonayo inatosha ama risiva ya AV na spika tano ndogo, ama amplifaya ya stereo na spika mbili kubwa. Hatuwezi vyote. Yeye anasema spika mbili si sinema. Nifanye nini?

Kinanda wa Tanga

Marahaba dada, na pole kwa mzee. Santuri sitini ni urithi.

Kwanza pleya. Sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, inahitaji tundu lililoandikwa PHONO na waya wa ardhi wake, ule mwembamba wenye ncha ya uma. Risiva nyingi za bei ya chini hazina PHONO. Amplifaya za stereo nyingi zinayo. Kwako hilo peke yake linaelekeza mzani.

Kwa shemeji: spika mbili ni sinema, kwa sharti la mahali pa kukaa. Aliye katikati atasikia mazungumzo yanatoka kwenye TV yenyewe, kwa sababu sauti iliyo sawa kushoto na kulia inajikusanya kati. Aliyekaa ukingoni mwa kochi ndiye atakayeisikia inatoka kwenye spika iliyo karibu naye. Hapo ndipo spika ya katikati inapofanya kazi. Nyie mko wawili. Kaeni kati.

Baadaye, hela ikipatikana, sabufa. Baadaye zaidi risiva yenye PRE OUT, kisha spika ya katikati na za nyuma. Kwa hiyo chagua sasa hivi amplifaya yenye HT BYPASS kama ipo ndani ya bei. Isipokuwepo si mwisho: utatumia tundu la AUX, utaweka alama ya rangi ya kucha kwenye kidhibiti cha sauti, na kila mkitazama sinema utakirudisha kwenye alama hiyohiyo.

Binti Uluguru

Nimerudi baada ya wiki tatu. Tulinunua ya stereo, ina PHONO na HDMI ARC, na spika mbili za kusimama sakafuni. Lakini nina matatizo mawili. TV haitoi sauti kabisa kwenye amplifaya. Na santuri zinapiga, ila sauti ni nyepesi, besi hakuna, na mwimbaji hayuko popote. Yuko kila mahali kama moshi. Mume wangu ananiangalia tu.

Kinanda wa Tanga

Dada usiogope, hapo hakuna kilichoharibika.

TV: ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sauti ya kidijitali inayotoka, ibadilishe iwe PCM, yaani sauti ya kidijitali ya kawaida isiyofungashwa. Sasa hivi inatuma Dolby, na amplifaya ya stereo haiielewi lugha hiyo. Pia hakikisha waya umechomekwa kwenye lile tundu la HDMI lenye neno ARC. Mengine hayatoi sauti.

Mwimbaji kama moshi na besi kupotea: nenda nyuma ya spika, angalia waya. Karibu nina hakika spika moja ina nyekundu kwenye nyeusi. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi zinauana. Zima kwanza, badilisha upande mmoja tu. Halafu weka santuri ya zamani ya mono, moja wapo ya zile za dansi la miaka ya sitini. Mono ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote: sauti ikiwa moja kushoto na kulia, mwimbaji lazima asimame katikati kabisa. Akiegemea upande, sogeza kiti au spika mpaka atulie.

Binti Uluguru

Ilikuwa spika ya kulia. Waya wote ni mweusi, una mstari mwembamba mweupe upande mmoja, ndiyo maana sikuuona usiku.

Tumebadilisha. Mume wangu ndiye aliyeweka santuri, mimi nikakaa kati. Mwimbaji ametokea juu kidogo ya TV, amesimama, na magitaa yote yako nyuma yake. TV yenyewe ilikuwa imezimwa. Nilimwambia mume wangu aje akae nilipo, akakaa mpaka upande wa kwanza ukaisha, akainuka mwenyewe kwenda kuigeuza.

Sinema tutaangalia kesho. PCM nimeshaweka.

Fundi wa Msimbazi

Dada, ule upande wenye mstari mweupe ufunge kipande cha uzi mwekundu ncha zote mbili, leo kabla hujasahau.